Jukwaa la Toleo la Kumi na Mbili

Nchi yetu haitajwi jina humu, na si kwa sababu ya woga. Jina lake ni refu mno, limebeba vyeo vyote vya Mtukufu Mlezi wa Taifa, na nikiliandika lote hadithi haitapata nafasi. Itoshe kujua kwamba ni nchi ya amani, na kwamba amani yetu tumeipata kwa Sheria ya Kimo.

Sheria yenyewe ni fupi. Mdogo asimzidi mkubwa wake kwa kitu chochote kinachopimika. Ndiyo maana Waziri wetu wa Ujenzi anakaa ghorofa ya juu kabisa, na lifti ilipoharibika aliendelea kupanda ngazi kila asubuhi kwa uzalendo, akawa anafika mezani amechoka hoi, wakati wafagizi wa ghorofa ya chini wanaanza kazi wakiwa wakavu. Ndiyo maana viti vya ofisi vimekatwa miguu kwa msumeno kulingana na cheo. Mimi ni mchoraji msaidizi katika Idara ya Michoro, kwa hiyo nakaa karibu kabisa na sakafu. Kiuno kinauma, lakini moyo umetulia. Watu waliozaliwa warefu, maskini, wanapopishana na mabosi wafupi hukunja magoti. Ukizoea, hata huoni.

Sasa mwaka huu Wizara ilinunua toleo jipya la programu tunayochorea majengo. Tulikuwa na Toleo la Kumi na Moja, likaja la Kumi na Mbili, na Waziri, Mheshimiwa Dakta Ladislaus Pambe, akatuita wote ukumbini kulizindua.

"Ndugu watumishi," alisema, akajifuta jasho la ngazi, "kuanzia leo taifa letu halichori tena. Linabuni! Na kwa kuwa sisi ni watu wenye adabu, toleo hili litashuka kama mvua, kutoka juu kwenda chini."

Tukapiga makofi. Maana yake ilikuwa kwamba Mtukufu angewekewa toleo jipya kwanza, ijapokuwa kompyuta yake anaitumia kuchezea karata. Baada yake Mawaziri, kisha Katibu Mkuu, kisha Mkurugenzi wetu, kisha wahandisi, na mwisho kabisa sisi wa sakafuni. Hakuna mdogo ambaye angekuwa na namba ya juu kabla ya mkubwa wake kupata. Hapo ukumbini mwenye Toleo la Kumi na Mbili alikuwa Waziri, pamoja na shemeji yake, Bwana Gotfridi, mkandarasi, kwa sababu shemeji wa Waziri huhesabiwa kama nusu Waziri.

Waziri akataka kutuonyesha uwezo wa programu. Akafungua kwenye skrini kubwa mchoro wa Jukwaa la Shukrani, ambalo lilikuwa lijengwe uwanjani kwa sikukuu ya kuzaliwa Mtukufu, ili watoto wa halaiki wapande juu yake wakiimba. Mchoro ule ulikuwa wa Mhandisi Tunu Mbaruku, aliyekuwa amekaa karibu yangu. Tunu ni mwanamke wa maneno machache, na alipouona mchoro wake pale mbele alitabasamu kidogo.

"Hili dude nene hapa katikati ni nini?" Waziri aliuliza.

"Ni boriti, Mheshimiwa," alijibu Tunu.

"Inaziba uso wa Mtukufu kwenye picha ya nyuma. Inaziba kidevu chote!"

Akashika kipanya mwenyewe, akaibana ile boriti ikawa nyembamba kama ufito wa kuezekea. Papo hapo skrini ikawaka nyekundu. Waziri akaitazama ile rangi, akawaza, uso ukamchangamka.

"Mnaona? Rangi ya chama! Programu imekubali!"

Makofi yakalipuka upya. Akabonyeza kuhifadhi, faili likaenda moja kwa moja kwa Bwana Gotfridi, ambaye alisimama akainama pande zote nne. Mimi nilikuwa napiga makofi kwa nguvu nilipoona mikono ya Tunu imelala mapajani.

"Piga, dada," nilimnong'oneza. "Wanatuangalia."

"Hiyo boriti ndiyo inayobeba watoto wote," alisema. "Mashavu wangu amewekwa mstari wa juu kabisa."

Mashavu ni binti yake wa pekee. Amekuja ofisini mara nyingi kutuonyesha namna wanavyotikisa vibendera.

*

Tulipotoka ukumbini Tunu alikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta yake kurudisha unene wa boriti. Programu ikamwandikia kwa adabu: *Faili hili limehifadhiwa kwa toleo la juu zaidi. Tafadhali upandishwe toleo.* Akajaribu tena. Ikamwandikia tena, kwa adabu ile ile.

Akamfuata Mkurugenzi wetu, Mzee Kisusi, mtu mpole ambaye amebakiza muda mfupi astaafu na hataki kitu chochote kitokee kabla ya hapo. Nilimsindikiza, kwa kuwa mlango wa Mkurugenzi una kizingiti cha juu kinachomlazimu anayeingia ainame, na watu wawili huinama vizuri zaidi.

"Mzee, naomba niwekewe toleo jipya leo hii," alisema Tunu.

"Mimi mwenyewe sijawekewa, mwanangu."

"Basi uwekewe wewe, kisha mimi."

"Kabla yangu yuko Katibu Mkuu. Na Katibu Mkuu amesafiri nje. Ofisi yake imefungwa, ufunguo anao mfukoni."

"Anarudi lini?"

"Baada ya sikukuu. Amekwenda kwenye kongamano la kuharakisha huduma."

Tunu akavuta pumzi. "Basi mchoro wangu wa zamani bado ninao, ule wenye boriti nene. Niruhusu nimpelekee mkandarasi ajenge kwa huo."

Mzee Kisusi akashtuka kama aliyemwagiwa maji. "Umpelekee Toleo la Kumi na Moja mtu mwenye la Kumi na Mbili? Tunu, unataka nikajibu nini? Huko ni kumshusha Waziri namba nzima!"

"Mzee, watoto wataanguka."

Alimtazama kwa huruma ya kweli, hilo lazima niliseme. Akapanga kalamu zake mezani kwa urefu.

"Usiseme neno hilo humu ndani," alisema hatimaye. "Sema boriti ina changamoto."

Kuanzia hapo nilimwona Tunu akikonda. Chakula cha mchana alikuwa anakifunika bila kukigusa. Nilimshauri amtoe Mashavu kwenye halaiki kwa kisingizio cha surua, yaishe. Alinigeukia kwa hasira ambayo sikuitegemea.

"Nikimtoa Mashavu, nafasi yake atawekwa mtoto wa mtu mwingine. Huyo nimwambie mama yake nini? Kwamba wangu ana surua?"

Sisi wa sakafuni hatulipwi kwa majibu.

*

Siku chache kabla ya sikukuu alinichukua tukaenda uwanjani. Jukwaa lilikuwa limesimama tayari, zuri kwelikweli, limezungushiwa vitambaa, na nyuma yake picha ya Mtukufu yenye kidevu kilichoonekana chote. Ile boriti ilikuwa imepita katikati, nyembamba, imepakwa rangi nyekundu ya kung'aa.

"Bwana Gotfridi," alisema Tunu, "samahani, hii boriti mmeipaka nyekundu kwa nini?"

"Kwenye mchoro ni nyekundu, Mhandisi," alijibu mkandarasi kwa furaha. "Mimi sibadilishi kitu. Nilipofungua faili boriti ikawaka nyekundu, nikawaambia vijana, nendeni mkanunue rangi."

"Ile ilikuwa programu inakuonya!"

"Inanionya mimi? Kwa faili la Waziri?" Alicheka kwa ukarimu, akamshika Tunu begani. "Wewe una Toleo la Kumi na Moja, sivyo? Basi haya mambo bado hayajakufikia. Vuta subira, yatashuka."

Tunu akaigonga boriti kwa fundo la kidole. Ilitoa mlio mwembamba, kama wa sufuria tupu. Nilimwona akifumba macho, nami nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa mbele ya bosi yeyote.

*

Siku ya sikukuu jua lilikuwa kali na uwanja umefurika. Mtukufu alikaa kwenye kiti chake cha dhahabu chini ya hema, Waziri Pambe kando yake kwenye kiti kifupi kidogo, na Mzee Kisusi nyuma yao kwenye kigoda. Mimi na Tunu tulisimama pembeni kama wataalamu, kwa sababu itifaki inataka kila jengo jipya liwe na wataalamu wa kusimama pembeni.

Halaiki ikaingia. Watoto wamevaa njano tupu, vibendera mkononi, mstari kwa mstari, na walimu wao wakiwapigia filimbi. Mashavu alikuwa mbele kabisa kwa kuwa ndiye wa kwanza kwenda juu. Alipomwona mama yake alijikaza asicheke, kama walivyofundishwa. Akaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza.

Tunu aliondoka pembeni yangu. Hakukimbia, mtu anayekimbia karibu na Mtukufu hupigwa risasi. Alitembea kwa haraka hadi kwa Waziri, akainama mpaka chini ya kimo cha kiti, akasema kwa sauti niliyoisikia vizuri:

"Mheshimiwa, wale watoto wakifika juu, nyayo zao zitakuwa juu ya kichwa cha Mtukufu."

Uso wa Waziri ulipauka. Aliangalia jukwaa. Aliangalia kichwa cha Mtukufu. Akapima kwa kidole, jicho moja limefumbwa.

"Washusheni!" alipiga kelele. "Washusheni haraka! Nani alichora balaa hili?"

Filimbi zikalia ovyo. Walimu wakawakamata watoto kwa kola za nguo, wakawarudisha kwenye nyasi mmoja mmoja. Mashavu alitolewa ngazi ya tatu. Nikaona mabega ya Tunu yakilegea, nikashukuru Mungu kimoyomoyo, kwa kuwa kwa sauti tunamshukuru Mtukufu tu.

Lakini Sheria ya Kimo haijui kupumzika. Jukwaa lilibaki pale tupu, refu kuliko hema, na jambo refu lisilo na mkubwa juu yake ni hatari kwa taifa. Waziri alilielewa hilo upesi, ndiyo maana ni Waziri.

"Mtukufu," alisema akipiga goti, "pale juu panakungoja wewe peke yako. Jukwaa lilikuwa linakuita, nasi tulikuwa hatujasikia."

Bendi ikaanza. Mtukufu akanyanyuka kwa taabu, maana umri umekwenda na mwili ni mzito, akasogea hadi kwenye ngazi. Pale mbele yake akamkuta Tunu bado ameinama.

Nadhani angeweza kunyamaza. Wako watu pale uwanjani, siwataji, ambao wangenyamaza kwa furaha. Yeye aliinua kichwa, na jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye kidevu.

"Mtukufu, usipande. Litaanguka."

Bendi ilinyamaza ala moja baada ya nyingine. Waziri alitoa sauti kama ya mtu aliyekanyagwa. Mtukufu akamtazama Tunu kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba macho yake ni ya mzee wa kawaida.

"Kweli?" aliuliza taratibu.

"Kweli, Mtukufu. Mimi ndiye niliyelichora, na halijajengwa nilivyolichora."

Mtukufu akashusha mguu wake kutoka ngazini. Akageuka, akakohoa, na sauti yake ya redioni ikarudi.

"Heshima hii nampa Waziri wangu. Anikalie kule juu."

Umati ukashangilia. Waziri Pambe akashika kifua, akasema heshima hiyo ni kubwa mno kwake, kwamba anaiona kabisa inamlemea, na kwamba kiongozi bora hugawa madaraka. Akaigawa kwa Katibu Mkuu. Katibu Mkuu alikuwa kongamanoni, basi ikamshukia Mzee Kisusi. Mzee Kisusi alinyanyuka kwenye kigoda, miguu ikamgoma, akakaa tena.

"Magoti yangu," alisema, na machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Tunu, mwanangu. Nakukabidhi."

Chini ya Tunu nilikuwa mimi. Tunu alinitazama. Nami nikatazama viatu vyangu, ambavyo siku ile nilivisafisha vizuri sana. Na chini yangu, kwa mujibu wa orodha ya itifaki, hakuna mtu mwingine isipokuwa watoto wa halaiki.

"Napanda mwenyewe," alisema Tunu.

*

Alivua viatu, akapanda taratibu, akishika kingo za ngazi. Alipofika juu hakwenda katikati palipotandikwa zulia. Alijibana ukingoni kabisa, juu ya ile nguzo ya kona ambayo Waziri hakuigusa, akasimama pale wima bila kusogea, kama mtu aliyesimama kwenye jiwe katikati ya mto.

Na kwa kuwa aliyekuwa juu alikuwa mwakilishi wa Mtukufu, gwaride likampigia saluti yeye. Askari walipita wakigonga buti, na kila buti zilipogonga, jukwaa lilijibu. Kwanza lililia kidogo. Kisha likalia kwa kukoroma. Kikosi cha farasi kilipopita niliona vitambaa vyote vikitikisika na mikono ya Tunu ikitanuka kando kutafuta mizani. Nilikuwa nimeshika koti la Mzee Kisusi bila kujua, naye alikuwa ameshika mkono wangu. Mashavu kwenye nyasi alikuwa anampungia mama yake kibendera.

Gwaride likaisha. Mtukufu akaondoka na msafara wake bila kuaga. Hapo Waziri Pambe akapata uhai upya, akachukua kipaza sauti.

"Wananchi, mmeshuhudia! Mtaalamu wetu mwenyewe amesimama juu tangu mwanzo hadi mwisho. Jukwaa ni imara! Mtukufu ameshakwenda, basi Mhandisi ashuke, watoto wetu wapande, tupige picha ya kumbukumbu."

Walimu wakaweka filimbi midomoni. Watoto wakaruka kwa furaha. Kutoka juu ikaja sauti ya Tunu, iliyokauka kabisa.

"Sishuki."

"Nini?"

"Nimepandishwa na heshima ya Mtukufu. Mdogo hapandi juu mwakilishi akiwepo. Na wewe, Mheshimiwa, uko chini yangu. Huwezi kuniamuru."

Tulimwona Waziri akipima tena kwa kidole. Ilikuwa kweli tupu. Akapiga simu kwa msafara, lakini Mtukufu alikuwa ameshalala garini na hakuna aliyekuwa na cheo cha kumwamsha. Wakambembeleza Tunu. Wakamtishia. Wakamletea soda chini ya ngazi, wakamwonyesha. Yeye aliketi ukingoni juu ya nguzo yake, miguu inaning'inia, jua limemchoma midomo, na kila mtoto aliposogea ngazini, yeye alirudia neno lake lile lile moja: sishuki.

Mwishoni ni Mzee Kisusi aliyetoa wazo, kwa sauti ya chini, huku akiangalia kalamu za mfukoni mwake. "Mheshimiwa, mwakilishi hawezi kushushwa. Lakini hakuna sheria inayokataza kushushwa kwa jukwaa."

Waziri akaona hekima. Watoto wakaondolewa hadi upande wa pili wa uwanja, mafundi wa Bwana Gotfridi wakaitwa na spana zao, wakaanza kulifungua jukwaa kutoka juu, ubao kwa ubao, hatua kwa hatua, huku mwakilishi wa Mtukufu akishuka nalo kwa heshima zake zote. Wakafika kwenye boriti nyekundu. Fundi akalegeza bolti ya kwanza, akaruka nyuma. Boriti ilikatika katikati kwa mlio mmoja, vipande viwili vikaanguka kwenye nyasi. Chini yake hakukuwa na mtu.

Bwana Gotfridi alikuwa anatazama rangi nyekundu iliyombakia mikononi. Waziri Pambe akakisogelea kipande kimoja, akakisukuma kwa ncha ya kiatu, akarekebisha tai.

"Imevunjika kwa sababu imebomolewa," alisema. "Andikeni hivyo."

Tukaandika hivyo. Tunu alikuwa ameshafika chini, amekaa kwenye nyasi na miguu yake mitupu. Mashavu alikuja mbio akitokea upande wa pili, nguo yake ya njano imechafuka, na nilidhani anakuja kumkumbatia. Alisimama mbele yake akilia kwa hasira.

"Umetuharibia, mama! Tumefanya mazoezi siku zote, na mimi ndiye nilikuwa wa juu kabisa! Hatukupanda hata kidogo! Wenzangu wote wanasema ni wewe!"

Tunu akamvuta, mtoto akagoma, akamvuta tena kwa mikono miwili mpaka akamkalisha mapajani na kibendera chake, naye analia na kumpiga ngumi za kifuani.

"Ni mimi, mwanangu," alisema. "Ni mimi. Nisamehe." Na katika maisha yangu yote ya kuinama sijawahi kumsikia mtu akiomba msamaha kwa furaha kubwa namna ile.